Ugonjwa wa Jeni Si Ugonjwa wa Ukoo

Mtoto akivimba taya, watu husema ni jino. Uvimbe ukipanda mpaka ukasukuma jicho, meno yakalegea ndani ya wiki chache na uso ukapotea umbo, habari ya jino huisha na swali jingine huzaliwa: nani amefanya hivi? Katika Kalemie, mji wa Kongo, kama katika miji mingine mingi ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wapo watakaoutazama ukoo wa mama, watakaomnong'ona bibi kizee wa jirani, na watakaokumbuka mahari ambayo haikumalizika. Siku hizi limeongezeka jibu jingine, lenye heshima ya shule: ni jeni. Na kwa kuwa wengi wetu tulikutana na jeni darasani katika somo la kurithi, rangi ya macho, urefu, kundi la damu, jibu hilo la kisasa huturudisha palepale tulipokuwa. Mganga alisema kuna kitu katika damu ya upande wa mama. Sasa inaonekana hata sayansi inamshuhudia. Tafakari hii inadai kinyume chake. Saratani ni ugonjwa wa jeni, kweli tupu. Lakini jeni zinazoileta, kwa sehemu kubwa, hakuna mzazi aliyezirithisha. Ziliharibika baada ya mtu kuzaliwa, ndani ya seli moja ya mwili wake, na mara nyingi kilichoziharibu kinajulikana kwa jina na mahali kinapoishi.

Tuanze na yanayotokea ndani ya seli. Karibu kila seli ya mwili hubeba nakala kamili ya DNA, na kila inapogawanyika hulazimika kunakili upya herufi zipatazo bilioni sita. Makosa machache hupenya. Mengi hayadhuru chochote, kwa sababu huangukia mahali pasipo na kazi, au kwa sababu seli iliyoharibika huamriwa ijiue na jeni za ulinzi kama ile iitwayo TP53. Hatari huja makosa yanapoangukia aina mbili za jeni katika seli ileile: jeni zinazoiamuru igawanyike zikakataa kunyamaza, na jeni zinazoizuia zikapotea. Kosa moja peke yake kwa kawaida halitoshi. Mwaka 1971 Alfred Knudson, daktari wa Marekani, alichunguza umri wa watoto 48 walioshikwa na saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, akaona hesabu zinakubali ikiwa tu panatakiwa mapigo mawili. Watoto waliozaliwa na pigo la kwanza waliugua mapema, mara nyingi macho yote mawili. Wale ambao mapigo yote mawili yalitokea katika seli ya jicho lenyewe, bila kurithiwa, walichelewa, na waliugua jicho moja tu. Kwa hiyo urithi upo na una kazi yake. Ila saratani zinazotokana moja kwa moja na jeni ya kurithi zinakadiriwa kuwa kati ya 5 na 10 katika kila 100. Zilizobaki zinadai maelezo mengine, na maelezo yaliyo karibu nasi kuliko yote yalianzia Kampala.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mvulana aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye Burkitt aliona hali kama hiyo kwa mtoto mwingine huko Jinja. Mwaka uliofuata aliuandika ugonjwa huo, ambao leo unabeba jina lake: limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga inayowapenda zaidi watoto wa umri wa miaka mitano hadi minane. Kisha akauliza swali ambalo madaktari wengi wa upasuaji hawaulizi: unaanzia wapi na unaishia wapi? Alituma karatasi za maswali na picha kwenye mamia ya hospitali za Afrika. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Clifford Nelson walipanda gari kuukuu na kuzunguka mashariki na kusini mwa bara kwa wiki 10, maili zipatazo 10,000, wakiingia hospitali hadi hospitali. Ramani iliyotoka humo ilikuwa ya ajabu. Karibu na ikweta, ugonjwa haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyoshuka kusini, mpaka huo nao ulishuka, hata Msumbiji ukabaki katika nyanda za chini tu. Penye baridi kali haukuwepo. Penye mvua chini ya milimita 500 kwa mwaka haukuwepo. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu wa Entebbe, alipoitazama ramani hiyo aliona kitu alichokuwa akikifahamu siku nyingi: ni nchi ya mbu. Kalemie, iliyo kandoni mwa ziwa katika mwinuko unaokaribia mita 800, yenye joto na mvua ya kutosha, imo ndani ya ukanda huo kwa kila kipimo.

Mtu anayeamini damu ya ukoo anaweza kujibu kwamba makabila nayo yana ramani: wa milimani ni watu wengine, wa bondeni ni watu wengine. Hoja hiyo ilipata jibu lake mapema, na lilitoka kwa majirani zetu. Burkitt na wenzake waligundua kwamba watu waliohamia nyanda za chini za Uganda kutoka milima ya Rwanda, Burundi na Kigezi, ambako ugonjwa ulikuwa nadra, waliweza kuupata wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji. Mwenyeji aliupata utotoni. Mgeni kutoka mlimani aliupata hata akiwa kijana au mtu mzima, baada ya kushuka. Damu ilikuwa ileile waliyozaliwa nayo, ila makazi yalikuwa yamebadilika. Kulikuwa pia na maeneo ya joto na mvua yaliyopaswa kuwa na ugonjwa lakini yalikuwa nao kidogo sana: visiwa vya Unguja na Pemba, na mji wa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kote huko malaria ilikuwa imedhibitiwa kuliko mashamba na vijiji vya jirani. Hakuna ukoo unaoweza kueleza kwa pamoja Mkiga wa Kigezi aliyeshuka Buganda, Mpemba na mkazi wa Léopoldville. Malaria inaweza.

Lakini ramani haijawahi kuvunja jeni. Mtu aliyekuwa na shaka miaka ya 1960 alikuwa na haki ya kuuliza mbu anaingiaje ndani ya kiini cha seli. Jibu lilikuja vipande vipande. Mwaka 1964, jijini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kwa hadubini ya elektroni kirusi kipya ndani ya seli za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Nacho ndicho kirusi cha Epstein-Barr. Mwaka 1972, huko Sweden, George na Yanka Manolov waliona kwamba kromosomu ya 14 katika seli hizo ina kipande kilichozidi. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kipande hicho kilikotoka: kromosomu ya 8. Kromosomu mbili zilikuwa zimekatika na kubadilishana ncha. Mwaka 1982 maabara za Marekani zilitambua jeni iliyokaa mahali pa mkato huo, MYC, mojawapo ya jeni zinazoiamuru seli ikue na kugawanyika. Kwa kawaida MYC husema kwa kiasi na kunyamaza wakati wake ukifika. Baada ya mkato ilijikuta kando ya jeni zinazotengeneza kingamwili, ambazo katika seli za kinga hufanya kazi kwa nguvu mchana na usiku, kama mtu mwenye sauti ya kawaida aliyesogezwa mbele ya kipaza sauti cha mkutano wa hadhara. Maneno yake hayakubadilika, ila sasa hakuna anayeweza kutosikia. Seli inagawanyika, inagawanyika tena, na uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote zinazojulikana kwa binadamu.

Je, mkato huo alitoka nao tumboni kwa mama? Hapana. Seli za damu, ngozi na mate za mtoto huyo zina kromosomu nzima. Mkato umo katika seli za uvimbe tu. Na kinachokata ni kimeng'enya cha mwili wenyewe, kiitwacho AID. Kazi yake ni halali kabisa: seli ya kinga inapokutana na adui, AID huzigeuza na kuzikata jeni za kingamwili ili ziundwe upya, zilizo kali zaidi. Bila kazi hiyo tusingepona maradhi mengi. Ila kila inapokata, ipo hatari ndogo ya kukata pasipostahili, MYC ikiwemo. Sasa fikiria mtoto wa mwambao anayeumwa malaria mara kwa mara tangu hajatimiza mwaka. Seli zake za kinga huishi katika hali ya vita isiyokwisha, zikigawanyika na kukatwakatwa mwezi baada ya mwezi. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha hivyo hasa: maambukizi ya muda mrefu ya vijidudu vya jamii ya malaria yaliziweka seli hizo katika hali ya kugawanyika kwa muda mrefu, AID ikaendelea kufanya kazi, na limfoma zenye kromosomu zilizokatika zikatokea. Kirusi cha Epstein-Barr, ambacho watoto wengi wa Afrika hukipata kabla ya miaka mitatu, nacho huzisaidia seli zilizokatika zisijiue kama zinavyopaswa. Malaria inaongeza makosa, kirusi kinayahifadhi.

Hapa pingamizi kubwa linasimama. Karibu kila mtoto wa mwambao wa Tanganyika ana kirusi hicho, na malaria si mgeni katika nyumba yoyote. Hata hivyo wanaopata saratani hii ni wachache sana, wanaohesabika katika kila watoto laki moja. Kwa nini huyu na si ndugu yake aliyelala naye mkeka mmoja? Wapo wanasayansi wanaoweza kuonekana kulitia nguvu pingamizi hilo. Mwaka 2015 Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein walionyesha kwamba tofauti kubwa ya hatari ya saratani kati ya viungo vya mwili inaendana na idadi ya mara ambazo seli za kiungo hicho hugawanyika katika maisha, na magazeti ya dunia yakatangaza kwamba saratani ni bahati mbaya. Bahati ipo, wala haifai kuificha: seli ipi itakatwa wapi, hilo halina mpangaji. Lakini bahati nasibu ina idadi ya tiketi. Kila homa inayozilazimisha seli za kinga zigawanyike upya humnunulia mtoto tiketi nyingine katika mchezo asioutaka. Nguvu ya hoja ya bahati ni kueleza kwa nini mtoto huyu. Udhaifu wake ni kutoweza kueleza kwa nini bonde hili na si mlima ule. Bahati haina mwinuko, haijui milimita za mvua. Na kwa familia inayotafuta mchawi, bahati ni habari njema kuliko inavyosikika: maana yake hakuna mtu aliyemchagua mtoto.

Pingamizi la pili linasema kwamba jeni za kurithi zipo kweli, na kuzikana ni kudanganya. Hakuna anayezikana. Mwanamke aliyezaliwa na jeni ya BRCA1 iliyoharibika, ambayo Mary-Claire King aliitafutia mahali pake kwenye kromosomu ya 17 mwaka 1990, ana hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti na ya ovari, na ndugu zake wanastahili kujua. Hata hivyo, mfano wa urithi unaoonekana wazi zaidi katika Afrika Mashariki unafundisha jambo jingine. Watu wengi wenye ualbino katika eneo letu wamerithi kasoro moja ya jeni ya OCA2, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na wengi wao hupata saratani ya ngozi mapema sana. Lakini OCA2 haikuzi uvimbe. Kazi yake ni kusaidia kutengeneza rangi ya ngozi, na ngozi isiyo na rangi hiyo huacha mionzi ya jua ifike kwenye DNA bila kizuizi. Jeni za uvimbe wenyewe huharibiwa na jua, mwaka kwa mwaka, shambani na sokoni. Ndiyo maana kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga, kama Kilisun yanayotengenezwa Moshi, huokoa maisha bila kugusa jeni hata moja ya kurithi. Hata pale urithi ulipofungua mlango, kilichoingia kilitoka nje.

Ushahidi wa aina hiyo hauishii kwenye taya na ngozi. Mahindi na karanga zikihifadhiwa zingali na unyevu huota kuvu watoao sumukuvu. Ini huibadilisha sumu hiyo ikang'ang'ania DNA, na mwaka 1991 watafiti waliochunguza saratani za ini kusini mwa Afrika na nchini China waliona kosa lilelile, mahali palepale pa jeni ya TP53, herufi moja ikiwa imebadilishwa na nyingine. Tumbaku huacha alama zake, jua huacha zake. Virusi vya papiloma vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambavyo Harald zur Hausen alivitambua miaka ya 1983 na 1984, havisubiri TP53 ikosewe: huiangamiza protini yake moja kwa moja ndani ya seli. Kwa hiyo leo mtaalamu akisoma jeni za uvimbe anaweza mara nyingi kutaja kilichozivunja. Tukisema saratani imo katika jeni, kwa kweli tunasema kwamba mahali pa kuishi, chakula, maambukizi na jua vimeingia ndani kuliko tulivyodhani, mpaka kwenye kiini.

Haki inatutaka tuseme pia pale ushahidi unaposita. Kama malaria ndiyo mshirika mkuu, kuizuia kungepunguza limfoma ya Burkitt. Jaribio la hilo lilifanyika kaskazini mwa mkoa wa Mara, Tanzania, kuanzia 1977 hadi 1982, watoto wakigawiwa klorokwini, dawa ya malaria. Wagonjwa wa limfoma walipungua katika miaka hiyo na kuongezeka tena baadaye. Lakini kupungua kulikuwa kumeanza kabla ya dawa kugawiwa, na malaria yenyewe haikubaki chini kwa muda wote. Jaribio lile halikufunga kesi. Hata hivyo halisimami peke yake: lipo pamoja na ramani, na wahamiaji, na visiwa, na kirusi, na kromosomu, na kimeng'enya. Shahidi mmoja anayesita hafuti ushahidi wa wengine sita wanaokubaliana, ingawa anatukumbusha tusitangaze uhakika uliopita kiasi.

Pingamizi la mwisho ni la mtu mwenye shughuli zake: habari za kromosomu ya 8 zinamsaidia nini muuguzi wa kituo cha afya kandoni mwa mto Lukuga, asiye na mashine ya kuzisoma? Zinamsaidia kujua pa kuelekeza nguvu. Kama saratani ingekuwa ya ukoo, tungesubiri dawa ya jeni kutoka ng'ambo. Kwa kuwa jeni huvunjwa na malaria, sumukuvu na virusi, vita vyake vinapiganwa kwa vitu ambavyo Kongo inavijua: chandarua, dawa ya malaria kwa wakati, chanjo, ghala kavu. Nchi yetu hubeba takriban kesi 12 za malaria kati ya kila 100 duniani, ya pili baada ya Nigeria. Na hapa lawama nazo lazima zipimwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu vijiji vya Ziwa Tanganyika ulikuta vyandarua vingi vikitumika kuvulia samaki. Ni rahisi kumcheka mvuvi. Ni vigumu zaidi kukubali kwamba mzazi anayechagua ndagala za leo badala ya mbu wa usiku hajakosa akili, amekosa chakula. Hoja yangu ya mahali haihamishi hatia kutoka kwa bibi mchawi kwenda kwa mama mzembe. Inaihamishia kwa wanaopanga afya, chakula na usalama wa jimbo hili, ambamo familia nyingi zimelala kambini bila neti wala mlango wa kufunga.

Basi wazee wa ukoo, wachungaji, mashekhe na walimu wana kazi ambayo haihitaji maabara. Mtoto akivimba taya au tumbo kwa kasi, msiitishe kikao cha kutafuta mhusika. Limfoma ya Burkitt ni kati ya saratani zinazosikia dawa vizuri kuliko nyingi. Katika miaka ya 1960 Burkitt mwenyewe aliona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa dozi chache za dawa ya kansa. Lakini ugonjwa unaojizidisha kwa siku moja au mbili hausubiri kesi ya mahari iamuliwe. Mpelekeni hospitali kubwa wiki hiyohiyo, na mama yake aende naye akiwa ameshikwa mkono, si akiwa ameshtakiwa.